Taulo la safari ndefu za miguu: maikrofaiba, kikoi au kanga kuukuu?

Mwanzisha uzi

Ndugu zangu, salaam. Katika orodha nyingi za vifaa vya kupanda mlima au kutembea siku kadhaa, taulo huandikwa mwishoni kabisa, chini ya tochi na mafuta ya midomo, tena kwa maneno mawili tu: taulo dogo. Liwe dogo kiasi gani, la kitambaa gani, na likauke wapi ikiwa kesho alfajiri mnaondoka, hayo msafiri huachiwa ayatafute mwenyewe. Wengi huchukua taulo la bafuni lililo karibu, na kufikia usiku wa pili limeloa, limeongezeka uzito na limeanza kunuka ndani ya begi. Naomba tulijadili kwa kuzingatia njia tunazozijua: Usambara Magharibi kutoka Lushoto hadi Mtae, Kilimanjaro, Mlima Kenya, na Rwenzori upande wa Uganda.

Msimamo wangu nauweka mapema ili anayepinga apinge kwa hoja. Taulo la mtembea kwa miguu lisichaguliwe kwa wingi wa maji linayoweza kunyonya, kama wauzaji wanavyopenda kulisifia, bali kwa uchache wa maji yanayobaki ndani yake baada ya kukamuliwa kwa mikono miwili. Nyumbani taulo lina mchana mzima wa kukauka kwenye kamba, lakini njiani lina saa chache za jioni, na mara nyingi ni jioni ya ukungu. Maji ambayo hayakukamulika ndiyo utakayoyabeba kesho mgongoni.

Tuanze na uzito, kwa sababu hesabu yake ni nyepesi na wauzaji wachache huifanya mbele ya mteja. Vitambaa vya taulo hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba. Taulo la kawaida la bafuni, lile lenye vitanzi vidogo vya nyuzi vilivyosimama pande zote mbili, huwa na gramu 400 hadi 600. Likiwa na sentimita 70 kwa 140 na gramu 500 kwa mita ya mraba, lina uzito wa gramu 490 likiwa kavu, na likiloa uzito huo unaweza kuzidi mara mbili. Taulo la safari la maikrofaiba, yaani kitambaa cha nyuzi nyembamba sana za kiwandani, mara nyingi huwa kati ya gramu 150 na 220 kwa mita ya mraba. Ukichukua la gramu 200, lenye sentimita 60 kwa 120, unapata gramu 144. Ukichukua dogo la sentimita 40 kwa 80, unapata gramu 64. Kanga moja, yaani nusu ya doti, ina takriban sentimita 110 kwa 150. Ikiwa kitambaa chake ni cha gramu 110 kwa mita ya mraba, kanga nzima haifiki gramu 190, na ukiikata katikati kila kipande kina kama gramu 90. Kwa hiyo kwa uzito peke yake kanga haijashindwa, na mtu asikubali kuambiwa kwamba bila duka la vifaa vya nje hawezi kusafiri mwepesi.

Tofauti kubwa iko katika namna maji yanavyokaa ndani ya uzi. Pamba hupenda maji, na huyapokea hadi ndani ya kuta za uzi wenyewe. Hata ikiwa "kavu" katika hewa ya kawaida, yenye nyuzijoto 20 na unyevu wa asilimia 65, huwa na maji yanayokaribia asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta katika hewa hiyohiyo haifiki asilimia 1, na nailoni ina kama asilimia 4. Maikrofaiba za taulo kwa kawaida ni mchanganyiko wa poliesta na nailoni, mara nyingi asilimia 80 kwa 20, na maji hayaingii sana ndani ya uzi bali hunaswa katika nafasi nyembamba zilizo kati ya uzi na uzi. Ndiyo maana ukilikamua hutoa sehemu kubwa ya maji kwa mara moja, wakati pamba hutoa ya juu na kubaki na yale ya ndani, ambayo ni jua na upepo tu vinavyoweza kuyatoa.

Anayetaka uhakika asitegemee lebo. Achukue mizani ya jikoni, apime kitambaa kikiwa kikavu, akiloweke, akikamue kwa nguvu zake mwenyewe, apime tena, kisha akianike kivulini kwa saa mbili na kukipima mara ya tatu. Kipimo cha pili na cha tatu ndivyo vyenye maana. Afanye hivyo siku ya mawingu, kwa sababu jua la saa saba mchana hukausha hata gunia.

Kuhusu vitambaa vingine nitasema kwa ufupi. Kikoi ni kizuri na kinadumu, lakini ufumaji wake ni mzito kuliko wa kanga, na mimi nakiona kuwa nguo ya kujifunga zaidi kuliko taulo la kubeba. Kitenge cha nta husukuma maji juu ya ngozi badala ya kuyanyonya. Vile vitambaa vya waogeleaji vinavyofanana na sponji hunyonya maji mengi sana, lakini vikikauka huwa vigumu kama ubao, na vikihifadhiwa vibichi katika kopo lake huota ukungu. Sioni nafasi yake katika begi la siku saba.

Wenye uzoefu wa milima, karibuni.

Mchangiaji, Moshi

Ndugu mwanzisha uzi, hesabu zako nazikubali, ila kwa Kilimanjaro naona unamtayarishia mgeni taulo la kuogea mahali ambapo haogi. Katika njia zote, tangu Marangu yenye mabanda hadi Machame na Lemosho ambako watu hulala kwenye mahema, msafiri huletewa beseni la maji ya moto asubuhi na jioni ili anawe uso, mikono na, akipenda, miguu. Maji hayo wapagazi huyachota na kuyabeba, na kuni haziruhusiwi, kwa hiyo huchemshwa kwa gesi iliyobebwa pia kichwani. Anayehitaji taulo la mita moja na nusu katika mazingira hayo anabeba, au tuseme anabebesha, kitu ambacho hatakitumia hata mara moja. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, na kila taulo la bafuni linalowekwa humo linachukua nafasi ya kitu chenye manufaa zaidi.

Jambo la pili ni hali ya hewa, ambayo hubadilika kadiri unavyopanda. Kwenye kambi ya Mandara, mita 2,720, bado uko msituni, na hewa yake ni ya unyevu kiasi kwamba kitambaa kilichoanikwa jioni utakikuta asubuhi kama ulivyokiacha. Kambi ya Horombo, mita 3,720, jua likitoka hukausha haraka ajabu kwa sababu hewa ni kavu na upepo haukomi. Ukifika kambi ya Kibo, mita 4,700 hivi, au ya Barafu kwa wale wa Machame, kitambaa chenye maji kilichoachwa nje hugeuka kuwa kipande cha barafu. Hapo nina ushauri mmoja: usikiingize ndani ya mfuko wa kulalia kikiwa kimeganda. Kikunjue, kipige kwenye jiwe ili chembe za barafu zianguke, ndipo ukikamue. Sehemu kubwa ya maji itakuwa imeondoka bila kuhitaji moto wala jua.

Mimi huwashauri wageni wabebe vipande viwili vya maikrofaiba vya ukubwa wa leso kubwa, sentimita 40 kwa 40 kila kimoja. Kimoja ni cha uso na mikono. Cha pili ni cha miguu na cha kufutia umande unaojikusanya ndani ya hema usiku, kwa sababu pumzi ya watu wawili hulowanisha turubai kiasi cha kudondokea mifuko ya kulalia.

Mchangiaji, Tanga

Nashukuru kwa mada. Naona kaka zangu mnazungumzia gramu na asilimia, nami sina ugomvi nazo, lakini kuna hitaji ambalo hamjaligusa. Mwanamke anayetembea kutoka Lushoto kupitia Magamba, Lukozi, Rangwi hadi Mtae hulala kwenye nyumba za wageni na nyumba za watawa ambako mara nyingi bafu liko nje, ng'ambo ya uwanja, na maji yako kwenye ndoo. Kutoka chumbani hadi bafuni na kurudi anahitaji kujisitiri. Kipande cha maikrofaiba cha sentimita 40 hakisitiri chochote, na hata lile la sentimita 60 kwa 120 linahitaji mkono mmoja ulishike muda wote, huku mkono mwingine umebeba ndoo.

Kanga nzima inafanya kazi hiyo, halafu inafanya nyingine: jioni baridi ikishuka kutoka msituni unajifunika mabegani, ukiingia kijijini au nyumba ya ibada unajitanda, mashuka ya gesti yakikutia shaka unaitandika juu yake. Mwenye kutaka mzigo mdogo na ahesabu vitu vyote ambavyo kanga imemwondolea, asihesabu gramu zake kama taulo tu.

Nyongeza kwa wasioijua: usiende na kanga mpya. Kanga mpya ina wanga wa kiwandani, haishiki maji, na rangi yake inaweza kukuachia alama mwilini. Ifue mara kadhaa kabla ya safari, au, bora zaidi, chukua ile ya zamani iliyochuja, ambayo imekwisha kulainika na hunyonya maji pale inapogusa ngozi. Na kabla ya kujifuta, jikung'ute maji kwa viganja, kuanzia mabega kushuka chini. Ukifanya hivyo vizuri, kitambaa chepesi kinatosha, na hakiloi sana.

Mwanzisha uzi

Dada wa Tanga, kuhusu stara sina pingamizi lolote, na kwa Usambara wakati wa kiangazi naungana nawe: kanga moja kuukuu inatosha, na pengine kipande kidogo cha uso. Milima ile haifikii baridi ya Kilimanjaro, kuna vijiji karibu kila mahali, na mchana unaweza kuitandaza juu ya begi ikakauka ukitembea. Hata hivyo sipendi hoja hii ivukishwe mpaka wa hali ya hewa. Kuvukiza gramu moja ya maji kunahitaji joto la takriban jouli 2,400. Kanga iliyobaki na gramu 100 za maji basi inahitaji jouli 240,000, ambazo ni karibu kilokalori 57, na jua lisipokuwepo joto hilo litatoka kwenye mwili wako ikiwa umejifunga au umelala nayo. Mjini hilo ni jambo dogo, lakini kwenye mita 4,000, usiku, kwa mtu aliyechoka na asiye na hamu ya kula kwa sababu ya mwinuko, ni joto ambalo hana la kulipoteza.

Mchangiaji, Kampala

Nawaunga mkono wanaosema mahali ndipo huamua. Kwenye Rwenzori, katika mzunguko wa kati ambao huchukua wiki nzima au zaidi, mvua inaweza kunyesha mwezi wowote. Kuna vipindi viwili vyenye nafuu, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, lakini nafuu si ukavu. Unavuka maeneo ya matope na mito, viatu vya mpira vinaingia maji, na kwenye vibanda kila mtu anagombea nafasi ya kuanika. Huko pamba hukauka siku unayoshuka. Nimeona kanga zikirudi zikiwa na madoa meusi ya ukungu ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa.

Huko naweka maikrofaiba bila kusita, na naiweka katika vipande viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa. Sababu ni kwamba kimoja kikiwa kimeloa kingine hubaki kikavu, na kitambaa kidogo hukamulika vizuri zaidi kuliko kikubwa, kwa kuwa mikono ina nguvu ileile lakini nguo ya kusokota ni chache. Cha kujifuta kwanza ndicho hicho kilicholoa. Unakikamua, unajifuta tena, unakikamua, na mwisho unamalizia na kile kikavu.

Mchangiaji, Kisumu

Nami nizungumzie miguu, kwa sababu kila mwaka kuna mahujaji wanaotembea kwenda Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, baadhi yao kwa siku nyingi wakitokea magharibi mwa Kenya, na katika safari ya namna hiyo taulo la miguu lina kazi kubwa kuliko la mwili. Ngozi iliyolowa kwa muda mrefu hulainika, na ikisuguliwa na soksi hutoa malengelenge kwa urahisi. Mnapopumzika mchana, vua viatu na soksi, futa miguu hasa katikati ya vidole, iache ipigwe na hewa, kisha vaa soksi kavu. Kwa kazi hiyo sichagui sana: kipande cha nepi ya kitambaa ya mtoto, ile nyembamba ya pamba yenye matundu matundu, kinafaa kabisa na hukauka upesi kwa sababu hewa hupita ndani yake.

Ila kitambaa cha miguu kibaki cha miguu. Fangasi za vidoleni huhamia kwenye kinena kwa njia ya taulo, na mtu anayetembea kutwa akitoka jasho huwapa mahali pazuri pa kustawi. Mwenye kipande kimoja tu na afute uso na mwili kwanza, miguu iwe ya mwisho, halafu akifue.

Mchangiaji, Dodoma

Ninauliza mambo mawili. Kwanza, maikrofaiba yangu inanuka hata baada ya kufuliwa, ingawa taulo la pamba nyumbani halina tatizo hilo. Pili, bei za madukani ni kubwa. Je, vile vitambaa vya kufutia magari vinafaa?

Mwanzisha uzi

Harufu ile husababishwa na bakteria wanaoishi katika kitambaa kinachochelewa kukauka. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimtaja Moraxella osloensis kuwa miongoni mwa wahusika wakuu wa harufu ya nguo zilizofuliwa zikakaa mbichi. Poliesta ina udhaifu mwingine: hushika mafuta ya mwili kwa nguvu kuliko pamba, na mafuta hayo ndiyo chakula cha bakteria. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi. Ifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kutosha, isuuze hadi povu liishe, na uianike juani. Usitumie dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu hufunika nyuzi kwa tabaka linalozuia maji, na baada ya hapo taulo hutelezesha maji mwilini. Usiichemshe wala kuipiga pasi, na usiianike karibu na moto, kwani cheche moja hutoboa poliesta mara moja ilhali pamba huungua taratibu. Mkiwa njiani, fulieni mbali na kijito, hatua sabini au zaidi, na maji ya sabuni myamwage ardhini, kwa sababu wa chini yenu wanayanywa.

Safari ikiendelea, kitambaa kibichi kisifungiwe ndani ya begi. Tanzania mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019 na Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo ile tabia ya kukiviringisha kwenye rambo haina nafasi tena, nami sioni hasara. Kitundike nje ya begi kwa pini mbili kubwa, moja kila pembe. Kibanio cha nguo huachia ukipita vichakani.

Vitambaa vya magari vinafaa, kwa masharti. Cha sentimita 40 kwa 40 chenye gramu 300 kwa mita ya mraba kina uzito wa gramu 48, na viwili havifiki gramu 100. Soma lebo: chenye nailoni kidogo ndani yake hunyonya vizuri kuliko cha poliesta tupu. Kisicho na lebo, kidondoshee tone la maji hapohapo dukani. Tone likikaa juu kama shanga, kiache. Vifue kabla ya kuvitumia, na ukivinunua vya rangi kali vifue peke yake. Kwenye mitumba pia, Memorial pale Moshi au Gikomba Nairobi, taulo za safari huonekana mara kwa mara katikati ya mafungu ya mashuka na mapazia, na kipimo cha tone ni kilekile.

Mchangiaji, Moshi

Naongeza kuhusu umbo la kitambaa. Kuna maikrofaiba bapa, laini kama ngozi ya swede, na kuna zenye vitanzi vya nyuzi au vijisanduku vilivyofumwa. Bapa hukauka mapema zaidi na hukunjika hadi kutoshea kiganjani, lakini haifai kusuguliwa mwilini. Inagandamizwa juu ya ngozi na kuinuliwa. Wageni wengi huilalamikia kwa sababu wanaitumia kama taulo la nyumbani. Wenye viganja vilivyokauka au kupasuka kwa baridi hukerwa pia na namna inavyonasa kwenye ngozi, na kwao ile ya vijisanduku ni afadhali ingawa huongeza gramu chache.

Mchangiaji, Tanga

Kwa anayetaka kuikata kanga kama mwanzisha uzi alivyopendekeza, asikate kwa urefu, kwa sababu atapata mkanda mwembamba usiofunika kitu. Akate kwa kufuata upande mfupi, ili kila kipande kiwe na sentimita kama 75 kwa 110, kisha ampelekee fundi apige ovaloki upande uliokatwa na kuukunja mara moja tu. Pindo nene hukaa na maji na ndilo sehemu ya mwisho kukauka. Kwenye pembe moja ashone kitanzi cha utepe wa pamba, kiwe kirefu cha kutosha kupita kwenye msumari wa mlango wa bafu, maana bafu nyingi za huko njiani zina msumari mmoja tu, na kwenye huo ndipo nguo zako zote zitakapotundikwa.